Bawaba ya Chumba cha Bi Harusi

Mlango wa chumba cha Mama ulikuwa umeshuka siku nyingi. Kuufunga unaunyanyua kidogo kwa mkono, kuufungua unausukuma kwa goti, na kila aliyelelewa katika nyumba hii ya Kiponda, Zanzibar, alijua namna yake. Mambo yaligeuka ilipokaribia harusi ya mdogo wangu. Bi harusi wetu alikuwa anawekwa ndani, na chumba cha kumsingia na kumtia hina ni hicho hicho cha Mama, maana ndicho chenye kitanda cha besera na madirisha yanayopata upepo. Chumba cha bi harusi hakikai wazi. Kaka zangu wanapita ukumbini, mashemeji wanapandisha magunia ya mchele ngazini, na mtoto wa watu yumo ndani na liwa usoni.

Mlango wenyewe ni wa mabawa mawili, wa msaji. Ile milango mikubwa ya nje ya Mji Mkongwe, iliyochongwa zamani, mingi haina bawaba kabisa: bawa limeachiwa kigingi juu na chini, vigingi vikaingia kwenye matundu ya kizingiti, na uzito wote unakaa chini. Milango ya vyumbani ndiyo iliyotiwa bawaba, na ya Mama ina bawaba za shaba tatu kila upande. Bawa zima la msaji linaning'inia kwenye skrubu chache, na ile bawaba ya juu ndiyo inayovutwa kuliko zote.

Skrubu zake za kwanza zilikuwa za shaba. Zilipopotea, kabla mimi sijazaliwa, mtu akatia za chuma. Hapa petu hewa ina chumvi mwaka mzima, na masika yakiingia hata chumvi ya mezani inageuka maji. Chuma kikashika kutu, kutu ikala mbao iliyokizunguka, mpaka ukitoa skrubu unaona tundu jeusi lenye unga laini ndani yake. Msaji unajulikana kwa kustahamili mchwa na maji, lakini kutu ya skrubu mbovu inaulia ndani, pasipoonekana. Ukikaza kwa bisibisi skrubu inazunguka tu, haina cha kushika.

Jirani akatuletea fundi. Kijana hodari, ana drili ya betri, maneno machache. Akatazama, akasema matundu yamekufa, dawa yake ni kuisogeza bawaba juu nusu ya upana wa kidole, zipigwe skrubu kwenye mbao mpya. Akaja baada ya Alasiri, na Maghrib ilipoadhiniwa alikuwa ameshamaliza. Mlango ukafunga bila kunyanyuliwa. Mama akamwombea dua ndefu, akamfungia na mkate wa kumimina.

Usiku wa hina ukafika. Wanawake wamejaa chumbani, bi harusi amekaa mkekani, miguu imenyooshwa, michoro bado mibichi. Shangazi akawa anaingia na sinia: buli la kahawa, vikombe, halua, visheti. Mikono yake imejaa, akausukuma mlango kwa bega kama alivyozoea miaka yote. Ukasikika mlio mkavu, mmoja. Bawaba ya juu ikang'oka pamoja na kibanzi cha mbao chenye urefu wa shubiri, bawa likainama mbele, likalipiga sinia. Kahawa ikamwagika mkekani, halua ikatua juu ya mkoba wa mtiaji hina. Shangazi, Mungu ashukuriwe, hakuumia. Wawili wakarukia kanga wakaitanda mlangoni, na kwa nusu saa nzima wakapokezana kuishika huku kaka zangu wakiamriwa wateremke chini wasipande mpaka waitwe.

Asubuhi nilikitazama kile kibanzi kwenye mwanga wa dirisha, na kila kitu kilikuwa kimeandikwa pale. Mwimo wa mlango umesimama wima, na nyuzi za mbao nazo zinakwenda wima, juu mpaka chini. Matundu ya zamani yalikuwa yamepangana kwenye mstari mmoja. Matundu mapya yamepigwa juu yake, kwenye mstari ule ule, na kati ya la zamani na jipya imebaki mbao nyembamba isiyofika hata unene wa ukucha. Skrubu inapoingia inazisukuma nyuzi pembeni ili ipate kukaa, na nyuzi hizo zinahitaji mbao nzima nyuma yake ya kuegemea. Za kwetu zilikuwa zimeegemea tundu. Zikaachana, ufa ukashuka toka tundu moja hadi jingine, na uzito wa bawa ukamalizia.

Ndipo nyumba nzima ikawa mafundi. Kaka mkubwa alitaka tujaze njiti za kiberiti na gundi, kama inavyofanywa siku zote. Njiti ni mbao laini mno, zinashika wiki mbili za mlango wa kabati, si bawa la msaji. Shemeji akaleta skrubu ndefu za inchi tatu. Nyuma ya mwimo kuna ukuta wa mawe ya matumbawe na chokaa, na skrubu ikifika huko inachimba unga tu, tena inazidi kuupanua ule ufa. Wifi yangu akasema kuna milango mizuri Mwanakwerekwe, tayari, na fremu yake. Na kabla ya Adhuhuri akaja pia mwenye duka la vitu vya kale, sijui nani alimwambia, akataka kuyanunua mabawa yote mawili pamoja na bawaba zake. Mama alimjibu kutoka ndani ya chumba, nyuma ya kanga, kwa sauti iliyofika barabarani.

Binamu yetu aliyeko Oslo akapata habari kwenye kundi la familia. Yeye anafanya kazi kwenye karakana ya mbao za kutelezea kwenye theluji. Akatutumia ujumbe wa sauti, tukausikiliza jikoni huku tunamenya vitunguu. Alisema jambo hili wao ndilo wanalopambana nalo kila msimu wa baridi. Mtu anabadilisha kile kishikio kinachofunga kiatu kwenye ubao, kipya kina mpangilio wake wa skrubu, na matundu yake yanaangukia pembeni ya yale ya zamani. Ndani ya ubao ule nako mara nyingi kuna moyo wa mbao, mwembamba, na anayeteleza anaukandamiza kwa uzito wake wote. Wao huacha kama sentimita moja kati ya katikati ya tundu na katikati ya jingine. Pasipopatikana nafasi hiyo hawabahatishi: ama wanakihamisha kishikio mbali zaidi, ama wanakirudisha kwenye matundu yale yale baada ya kuyaziba kwa kizibo na gundi. Na hata wanapohama, tundu la zamani haliachwi wazi, maji yasije yakaingia yakauozesha moyo wa ubao. Akamaliza kwa kumwombea bi harusi heri.

Mama hakungoja zaidi. Akampigia simu Ami, ndugu yake marehemu Baba, aliyeko Nungwi.

Ami ni fundi wa majahazi. Pale Nungwi majahazi yanaundwa ufukweni kwa tezo, patasi na keke, na kila msumari unatanguliwa na tundu lililotobolewa kwa keke, kisha unavishwa pamba yenye mafuta kabla ya kupigwa, maji yasipate njia. Mtu aliyekulia kwenye kazi hiyo analitazama tundu kwa jicho jingine kabisa, kwa sababu tundu ovyo baharini ni roho za watu. Wazee wa pwani hii walikuwa na mtepe, chombo cha visiwa vya Lamu kilichoshonwa kwa kamba za nazi bila msumari, na matundu ya ushoni wakayaziba kwa vijiti. Mfano wake mkubwa ulikuwepo kwenye jumba la makumbusho la Beit al Ajaib, kabla upande wa jengo lile haujaanguka tarehe 25 Desemba 2020.

Alifika na daladala ya asubuhi, kapu mkononi. Tukamwamkia, akaitika marahaba, akakataa chai mpaka aone. Akapiga hodi, bi harusi akahamishiwa nyuma ya pazia la kitanda, ndipo akaingia. Akaupitisha ukucha kwenye ufa. Akakaa kimya kidogo, kisha akauliza, "Nani aliyeitoa bawaba nyumbani kwake?"

Akatuonyesha. Kwenye mwimo kuna kijishimo cha mstatili, kina chake sawasawa na unene wa bawaba, kilichochongwa na fundi wa kwanza. Bawaba ikikaa humo, ukingo wa chini wa shimo unabeba sehemu ya uzito, na skrubu zinabaki na kazi ya kuizuia isitoke. Iliposogezwa juu ilitoka kwenye ukingo wake, uzito wote ukaangukia skrubu.

Hakuziba kwa vijiti. Mimi nilidhani ndivyo atakavyofanya, akanieleza huku anafanya. Tundu moja pekee linatosha kijiti, lakini hapa matundu yameungana, na tena kijiti kinaingia na nyuzi zake zikielekea ndani, kwa hiyo skrubu inayokwenda njia hiyo hiyo inapenya katikati ya nyuzi na kuzipanua, haizikati ikazishika. Akachukua patasi, akaondoa mbao yote nyeusi mpaka akafika penye rangi ya asali na harufu ya ngozi ambayo msaji mzima unayo. Hilo lilichukua muda mrefu kuliko kazi nyingine zote. Anachonga, anagonga kwa mpini, anasikiliza, anachonga tena. Kisha akaomba mbao ya umri mmoja na mlango. Tulikuwa na bawa la dirisha lililovunjika, limelala darini miaka, msaji ule ule. Akakata humo kiraka, nyuzi zikielekea juu na chini sawa na za mwimo, akakipunguza kidogo kidogo kwa randa mpaka kikaingia kwa kugongwa, bila kulegea wala kulazimishwa.

Msaji una mafuta yake, na gundi haipendi mafuta. Kwa hiyo kabla ya kutia gundi alifuta shimo na kiraka kwa kitambaa chenye tina, mara mbili, akaacha vikauke. Akagundisha, akaufunga na ule ufa kwa kamba na kabari, akasema mlango usiguswe mpaka kesho. Bi harusi akalala usiku mwingine nyuma ya kanga, safari hii zimeshonwa tatu pamoja na kutundikwa kwenye fito.

Siku ya pili akairudisha bawaba kwenye kijishimo chake. Akatoboa kwa keke, tundu jembamba kuliko skrubu, unene wa kiini chake tu bila meno. Nilikuwa nimenunua skrubu za shaba Darajani, baada ya kuzunguka maduka mengi ya vifaa vya ujenzi ambayo yana za chuma peke yake. Ami hakuanza nazo. Alitangulia na skrubu ya chuma ya ukubwa ule ule, akaipaka nta, akaikaza mpaka mwisho, akaitoa, kisha ndipo akatia ya shaba kwenye njia iliyokwisha kukatwa. Shaba ni laini. Ukiitia moja kwa moja kwenye msaji inakatika kichwa, ukabaki na mwili wake ndani ya mbao.

Ninaliandika hili kwa uchungu, kwa sababu nimepita vichochoro vya Hurumzi, Mkunazini na Sokomuhogo nikitazama milango, na kila mahali naona "sogeza kidogo" hiyo hiyo: komeo juu ya kovu la komeo, kitasa cha tatu pembeni ya matundu mawili ya vitasa vilivyopita, saruji iliyobandikwa kuzunguka fremu ili iifiche mbao iliyochoka, ikaufungia unyevu ndani. Mamlaka ya Mji Mkongwe ipo tangu 1985, na UNESCO iliuingiza mji huu kwenye Urithi wa Dunia mwaka 2000, na tunashukuru. Lakini mkaguzi anatazama sura ya nyumba kutoka nje. Yanayotokea ndani, kwenye bawaba ya chumba cha kulala, ni sisi wenyewe tunaoyaamua, na mara nyingi tunaamua jioni, tukiwa na haraka ya wageni. Fundi anayesogeza ni rahisi kumpata na anamaliza kabla ya Maghrib. Anayetoa uozo kwanza anataka siku mbili, na hizo siku mbili tunazihesabu kuwa hasara.

Harusi ikapita vizuri. Ami hakutaka ujira, akapewa kitambaa cha kanzu na sufuria ya pilau ya kurudi nayo Nungwi. Lakini kabla hajaondoka alizunguka nyumba na mtoto wa kaka, aliye darasa la saba, akamwonyesha kila skrubu ya chuma iliyobaki kwenye mbao ya zamani, na kijana akazitia alama ya chaki. Mlango wa chooni una nne. Wakaanza na huo, kwa mbao iliyobaki ya lile bawa la dirisha. Kiraka cha kwanza alichokata kijana kilikuwa na nyuzi zilizolala ubavu. Ami akakiweka kando, akampa kipande kingine, akamwambia akitazame vizuri kabla hajaushika msumeno.