Uvunguni mwa Gari

Watu wa bara wanapoteremka Tanga huusifu upepo wa bahari, nao wana haki, kwani huukuta jioni barazani ukipunguza joto na kupeperusha harufu ya asumini na ya samaki wa kukaanga, kisha huagana nao kabla haujaanza kula mali zao. Sisi tukaao nao mwaka kucha twajua kuwa upepo huo huo uburudishao mashavu hubeba chumvi isiyoonekana, na kwamba chumvi hiyo, ikikutana na umande wa usiku, haina staha mbele ya kitu chochote cha chuma. Hula bawaba za milango. Hula kufuli hata ufunguo ukaingia usitoke. Hula mabati ya paa pamoja na misumari iliyotumwa kuyashika. Wazee wetu walioshona mitepe kwa kamba za usumba, pasipo msumari hata mmoja, waliishi na kufa salama wa salimini bila ya kuijua dhiki hii, ambayo ilianza siku tulipokipenda chuma na ikatimia siku tulipokitia magurudumu manne.

Gari langu lilitoka Japani, nalo lilikuwa limetumika huko miaka kadhaa kabla ya kuvuka bahari. Katika sehemu za kaskazini za nchi ile theluji hufunika barabara majira ya baridi, na chumvi humwagwa juu yake ili iyeyuke, hata gari la huko laweza kuwa limekwisha onja chumvi ya nchi kavu kabla halijaionja ya pwani yetu. Wajuzi wa elimu ya kemia hutufundisha kuwa kutu si uchafu ulioganda juu ya chuma, bali ni chuma chenyewe kilichofunga ndoa na oksijeni mbele ya maji, na kwamba chumvi ndiyo mshenga wa ndoa hiyo, kwa sababu maji ya chumvi hupitisha umeme kwa wepesi na kuiharakisha shughuli. Tena kutu huwa nene kuliko chuma kilichoizaa, kwa hiyo huisukuma rangi hata ikavimba na kubanduka. Na kwa kuwa ina vinyweleo, haiwi ngao ya chuma kilichobaki, bali hupitisha maji na hewa ili kazi iendelee. Mambo haya niliyajua kwa nadharia tu, mpaka siku fundi wa breki alipogonga sakafu ya gari kwa bisibisi akiwa uvunguni, na bisibisi ikatokeza ndani, karibu na kiatu changu.

"Mzee," akasema kutoka huko chini, "hili lataka dawa."

Hapana sehemu ya mali ya mwanadamu iliyo na mabingwa wengi kama uvungu wa gari. Rangi ya juu kila mtu huiona, na kwa hiyo mtu husita kuitolea rai asije akaumbuka. Lakini uvungu hauonwi na mwenyewe, wala na mgeni, wala na askari wa barabarani ila akiwa na haja yake, na mahali pasipoonekana kila kauli huwa sahihi. Jioni ile nilipolitaja neno kutu barazani, kahawa ilipoa vikombeni kwa wingi wa maarifa. Dereva mstaafu wa malori aliagiza mafuta machafu ya injini yachanganywe na dizeli, dawa ambayo kweli hupakwa na wengi na kweli huzuia maji, ila hukusanya vumbi lote la njiani, tena huzivimbisha bushi za mpira hata gari likawa linalia kila lipitapo shimo. Mwalimu, ambaye ana Land Rover kuukuu na haachi fursa ya kuitaja impite, akatueleza kuwa magari hayo yalipoanza kuundwa Uingereza mwaka 1948 yalivikwa bodi ya aloi ya alumini, kwa sababu baada ya vita feleji ilikuwa ikigawiwa kwa kipimo, na kwamba alumini haiozi kama chuma, maana tando yake hujifanya sitara. Dereva akamwuliza, kwa adabu zote, chesisi yake ni ya madini gani. Mwalimu akaomba kahawa nyingine, kwani chesisi ni ya feleji, na wote tuliopita nyuma ya nyumba yake tulikuwa tumemwona akiifunga kwa waya.

Ndipo Mzee Nahodha, aliyeumalizia ujana wake katika majahazi ya Tanga na Pemba, akakohoa, na baraza zima likanyamaza.

"Mwanangu, chombo kikipandishwa pwani hupakwa nini?"

"Deheni, Mzee."

"Deheni huko chini, palipo majini. Na ubavuni juu?"

"Sifa."

"Basi. Mbao hukaa baharini umri wa mtu kwa sifa ya papa, seuze kigari kisichoogelea!"

Kwa wasioijua, sifa ni mafuta ya maini ya papa, na harufu yake haifai kuelezwa kwa mtu aliyekula karibuni. Nilimshukuru kwa taadhima iliyompasa, nikasema nitalitafakari, na asubuhi yake nikalipeleka gari kwa fundi wa lami.

Fundi huyu alikuwa mtu wa taratibu. Kwanza, alisema, uvungu huoshwa kwa maji ya nguvu mpaka chumvi yote itoke, kisha gari huachwa likauke kabisa, kutu husuguliwa kwa brashi ya waya na msasa, praima hupakwa, bomba la moshi na breki hufunikwa kwa magazeti, na matundu ya kutolea maji huzibwa kwa muda ili lami isiyazibe daima, hapo ndipo lami hupulizwa. Mwenye kuruka hatua, akaonya, huufungia unyevu ndani, na kutu hula gizani huku mwenye gari akijiona ameshinda. Jumatano aliosha, akasugua, akapaka praima, akaliacha gari uani kwangu juu ya mawe na jeki. Alhamisi alasiri angekuja na mtambo wake wa kupulizia, kwa kuwa Ijumaa tulikuwa na akdi ya mpwa wa mke wangu huko Pangani.

Alhamisi asubuhi, nilipokuwa kazini, Mzee Nahodha alipita na mjukuu wake na debe. Alipoliona gari limeinuliwa na uvungu wake mtupu, aliona huruma, akamtuma kijana alale chali chini yake aupake sifa mwanzo hadi mwisho, bomba la moshi na viungio vyote, iwe hidaya kwangu. Kisha akaenda zake bila kumwambia mtu, kwa itikadi kuwa wema ukitangazwa hupungua thawabu. Fundi alipofika alasiri alikuwa na mafua makali. Hakunusa kitu. Aliuona uvungu unang'aa, akadhani ni praima yake, akamhimidi Mola kwa kazi njema, akapuliza lami juu ya papa.

Ijumaa asubuhi mke wangu aliuliza ni nani aliyefia uani. Lakini wakati ulikuwa umekwenda, na mama mkwe alikwisha keti kiti cha mbele na sinia la halua mapajani, nao mashangazi wawili nyuma, wamefukizwa udi tangu alfajiri. Tulipofika Mwambani bomba la moshi lilipata moto, na sifa ikaanza kukaangika. Mama mkwe, ambaye kwa staha yake hawezi kuitaja harufu mbele ya mkwewe, alijifunika pua kwa upindo wa leso, akauliza kama soko la samaki limehamishwa. Tukafunga madirisha, jambo ambalo halikufaa, kwa kuwa ile tundu ya bisibisi ilikuwa bado i wazi karibu na kiatu changu, ikituletea moshi kwa kipimo cha haki. Niliiwekea Kigombe matumaini yangu yote, kwani ni kijiji cha wavuvi, na nilidhani hapo aibu yetu itapotea miongoni mwa zinazofanana nayo. Tulipopita, wavuvi waliokuwa wakitengeneza nyavu waligeuza nyuso zao kwa pamoja.

Pangani nililiegesha gari chini ya mwembe mbali na nyumba ya harusi. Haukupita muda paka wa mtaa wakaitika, wakubwa kwa wadogo, wakajipanga uvunguni kwa utulivu wa watu waliokaribishwa. Baba wa bwana harusi, mtu mrefu aliyevaa kanzu mpya ya melimeli, alichelea kundi lile lisije likageukia biriani, akaenda kulitawanya. Mtaka cha mvunguni sharti ainame, naye aliinama, akaingiza kichwa na bega. Na kwa kuwa lami iliyolala juu ya mafuta haikauki bali hulainika zaidi, alipoinuka alikuwa ameihamisha sehemu kubwa ya kazi ya fundi kutoka kwenye gari hadi kwenye kofia na mgongo wake. Akdi ilingoja hadi aliposuguliwa kwa mafuta ya taa, na khutba yote aliisikiliza akiwa peke yake kwenye jamvi, wavuta sigara wakiwa wameombwa kukaa uani. Aliponiaga alinishika mkono kwa uungwana.

"Usihuzunike, bwana," akasema. "Angalau mimi sitashika kutu."

Tuliporejea Tanga, mabingwa wawili walikabiliana barazani kwangu. Fundi alidai kuwa lami haishiki palipo na mafuta, hata mtoto ajua. Mzee Nahodha akajibu kuwa sifa yake ilikuwa ikifanya kazi kwa amani mpaka ilipotukanwa na lami. Uvungu ukakwanguliwa wote, ukaoshwa kwa dizeli, kisha sabuni, kisha maji matamu, na fundi akaanza upya kwenye hatua yake ya kwanza. Kutoka uvunguni alisikika akisema kuwa mafuta ya papa na chuma hayana udugu wala hayatakuwa nao.

Mwalimu, ambaye hapendi ugomvi usio na tarehe, aliingilia kati. Alisema kwamba nahodha mmoja wa Kiskoti, Robert Fergusson, aliona mafuta ya samaki yaliyomwagika juu ya sitaha ya chuma yakizuia kutu isienee, naye akayafanyia kazi mpaka mwaka 1921 akaanzisha huko Marekani kampuni ya Rust-Oleum, ambayo rangi zake zingali zikiuzwa duniani. Mzee Nahodha alimtazama fundi, asiseme neno, kwani ushindi ulikuwa umetimia bila yeye. Mwalimu akaongeza, kwa ajili ya insafu, kuwa kazi ya Mskoti yule ilikuwa hasa kuyafanya mafuta hayo yakauke upesi, na kuyaondolea harufu.

"Harufu akaiondoa?" Mzee Nahodha aliuliza, akikiweka chini kikombe chake. "Basi hiyo kutu itajuaje kuwa dawa imefika?"