Shangazi wa Spana: Celica ya Mjomba Inalia Machozi Mekundu

Barua za magari humfikia Shangazi wa Spana kwa wingi msimu wa korosho. Minada ikianza Oktoba na malipo ya AMCOS, vyama vya ushirika vya wakulima, yakianza kusoma kwenye simu, magari yaliyolala chini ya mikorosho tangu masika huamshwa ghafla, na mengi huamka na hasira. Safari hii mfuko wake umejaa barua za Masasi na Newala. Karibu zote, ukizisoma harakaharaka, zingefaa kupelekwa kwa mshauri wa ndoa.

Ya kwanza ni ya kijana wa Newala aliyejiita Mpwa Mteule. Mjomba wake alimwachia Toyota Celica ya mwaka 1994, milango miwili, injini ya 3S ya lita mbili. Kwa desturi ya Wamakonde ya kufuata upande wa mama, hakuna aliyeshangaa mali ikienda kwa mtoto wa dada. "Tukiwa Masasi mjini mpole kabisa," anaandika. "Tukianza kupanda kurudi Newala anachemsha, na tukifika juu analia machozi mekundu. Namwongezea maji kila siku. Nifanye nini, Shangazi?"

Aache kwanza kuongeza maji, anajibu Shangazi, atafute yanakokwenda. Injini haili maji. Yaleyale yanayozunguka leo ndiyo yanayopaswa kuzunguka mwezi ujao, na anayeongeza kila asubuhi ana tundu mahali fulani.

Mlima unalidhihirisha tundu hilo kwa sababu ya mgandamizo. Kifuniko cha rejeta cha Toyota nyingi kimeandikwa 0.9 au 1.1, maana yake kinayabana maji kwa nguvu inayokaribia maradufu ya hewa ya nje. Juu ya uwanda wa Makonde, kwenye mwinuko unaopita mita 600, maji ya sufuriani huchemka yakifika nyuzi 98 hivi. Yakiwa chini ya kifuniko kizima, hayachemki mpaka yapite 115. Sasa bomba likitoboka, au mpira wa kifuniko ukiwa umekufa, ule mgandamizo unatoroka, na injini inayofanya kazi kwenye nyuzi 90 inabakiwa na nafasi finyu sana kabla maji hayajageuka mvuke. Kwenye tambarare mtu hagundui kitu. Kwenye kona za kupandia Newala, gia ya pili, jua la saa nane, anagundua.

Mpwa Mteule anasema fundi wake alikagua rejeta, akakagua mipira yote ya mbele, hakuona kitu. Shangazi haoni ajabu. Kwenye injini za 3S kuna bomba la chuma lililofungwa kwa bolti ubavuni mwa injini, limejificha nyuma ya vyuma vingine, na ncha yake moja inaingia kwenye wota pampu kwa oringi. Bomba hilo halionekani kwa mtu aliyesimama mbele ya boneti akiwa na kikombe cha chai. Huliwa na kutu kutokea ndani, polepole, kila dereva anapotia maji matupu ya bombani badala ya kulanti, kwa sababu kinachozuia kutu ni dawa iliyomo kwenye kulanti. Tundu lake likianza, maji hudondokea kwenye chuma cha moto na kukauka yakiwa njiani. Kinachobaki ni harufu tamu na alama nyekundu, ndiyo hayo machozi.

Kuziba tundu hilo kwa sabuni ya mche hakutasaidia. Gundi ya chuma juu ya kutu hushika mpaka injini ipate moto, basi. Dawa ni kulitoa bomba zima. Likipatikana jingine Gerezani au Shaurimoyo, Dar es Salaam, lije na basi kama kifurushi. Lisipopatikana, fundi wa kuchomelea akate kipande kilichooza na kuunga kipya kwa shaba, bomba likiwa mezani, kamwe si likiwa kwenye gari karibu na mabomba ya petroli. Ncha inayovaa mpira iachiwe ukingo ulioinuka, la sivyo mpira utachomoka siku ya kwanza mgandamizo ukipanda. Oringi iwe mpya. Ya zamani, hata ikionekana nzima, imeshageuka plastiki ngumu.

Kuna jambo moja kwenye barua hiyo lililomfanya Shangazi aweke miwani. Kijana anasema mara ya mwisho mshale wa joto ulipanda, kisha ukashuka wenyewe, akafurahi akaendelea na safari. Mshale ulishuka kwa sababu maji yalikuwa yamekwisha. Kipimo kinasoma joto la maji yanayokigusa. Yakiondoka, kinaachwa hewani na huweza kusoma chini wakati silinda hedi inapinda. Anayeona mshale umeshuka ghafla mlimani azime gari hapohapo, na asiguse kifuniko mpaka rejeta ishikike kwa mkono.

Barua ya pili imetoka nyumba hiyohiyo, kwa mwandiko mwingine. Mke wa Mpwa Mteule anauliza kama ana haki ya kukataa ndoo zake za maji zisimezwe na gari. Mtu wa Dar anaweza kuliona swali hili dogo. Aliyekulia Newala anajua kwamba maji ya huko yana historia ya foleni, madumu na visima vya kuvunia mvua.

Shangazi anamwambia bibie kwamba haki anayo, ila atoe ndoo moja tu. Mfumo wa Celica haumezi zaidi ya lita 8, na nusu yake ni kulanti. Ndoo ya lita 20 inatosha kusuuza mara mbili na kujaza. Tena maji ya mvua aliyoyavuna kwenye bati, yakichujwa, ni bora kuliko ya kisima, kwa kuwa hayana chumvichumvi ya kuganda ndani ya rejeta. Wakati wa kujaza, gari lielekee mlimani ili pua iwe juu, swichi ya hita iwe kwenye moto, na injini iungurume kifuniko kikiwa wazi mpaka mapovu yaishe. Kulanti ya zamani isimwagwe uani. Ni tamu na ni sumu. Mbuzi au mbwa akiilamba, figo zake zinakwisha.

Msomaji wa tatu, Asiyelala wa Masasi, ana Altezza inayozima ghafla kwenye mwinuko na kuwaka tena ikipumzika nusu saa. Ameshabadilisha pampu ya petroli mara tatu, zote za mtumba. Anauliza anunue ya nne wapi.

Asinunue popote kwa sasa. Hakuna aliyempimia chochote, na Shangazi anasikitika kuona pampu tatu zikihukumiwa bila ushahidi. Newala yenyewe inaishi kwa pampu: maji ya mradi wa Makonde yanasukumwa kutoka Mitema, chini, mpaka juu ya uwanda, na umeme ukiyumba mabomba ya mjini hukauka ingawa pampu haina kosa. Gari nalo ni hivyohivyo. Fundi aondoe kiti cha nyuma, afungue kifuniko cha tangi, aweke mita kwenye waya za pampu wakati gari linasumbua. Zikisoma volti 12 na zaidi, pampu ishukiwe. Zikisoma 9 au 10, ugonjwa uko kwenye rilei, soketi iliyoungua au waya wa ethi wenye kutu, na pampu ya nne itakuja kuzikwa na wenzake.

Kipimo cha pili ni geji ya mgandamizo. Injini ya injekta kama hiyo inahitaji baa 3 hivi. Pampu ya gari la kabureta hutoa kama sehemu ya kumi ya hapo, na kwenye meza za spea zote mbili huuzwa kwa jina moja na kwa tabasamu lilelile. Gari likifungwa hiyo ya kabureta linaweza kuwaka na likakosa nguvu mlimani.

Kisha kuna tabia. Asiyelala anakiri kwamba hujaza lita tano tano, mara nyingine za chupa kando ya barabara, na taa ya petroli kwake ni pambo. Pampu iliyomo ndani ya tangi hupozwa na petroli inayopita ndani yake. Tangi likikaa karibu na utupu, pampu hupata joto na kuvuta uchafu wa chini mpaka kichujio chake kizibe. Gari likipumzika, pampu inapoa na gari linawaka, ndiyo hiyo nusu saa yake. Robo tangi iwe ndiyo sifuri yake mpya. Na mpira unaounganisha pampu ndani ya tangi uwe wa kuzama kwenye petroli, wenye chapa SAE 30R10. Ule wa kawaida hulainika, huvimba, na kuanza kuvuja mgandamizo palepale ndani.

Kazi ya kutoa pampu au mpira wake ifanyike nje, kwenye upepo, waya hasi wa betri ukiwa umetolewa, na mwenye sigara akiwa nyumba ya tatu. Kabla ya hapo fyuzi ya pampu ichomolewe na gari liwashwe mpaka lizime lenyewe, ili petroli isimrukie fundi usoni.

Mwingine wa Masasi anauliza kwa mstari mmoja: je, ni sawa fundi alivyomfungia pampu moja kwa moja kwa swichi ya taa? Si sawa. Injini ikizima kwa ajali, kompyuta ya gari hukata umeme wa pampu. Swichi hiyo itaendelea kumwaga petroli kwenye moto.

Wa mwisho ni mwalimu mwenye ekari kadhaa za mikorosho, anayetaka kununua Toyota MR2 ya miaka ya 1990. Wenzake wanamcheka. Anauliza kama magari ya michezo yaliwahi kuwa na heshima Afrika Mashariki.

Yaliwahi, tena kubwa. Datsun 240Z ilishinda mbio za Safari mwaka 1971 mikononi mwa Edgar Herrmann, na 1973 mikononi mwa Shekhar Mehta, aliyelingana pointi na mwenzake wa Datsun na kupewa ushindi kwa kanuni ya kutenganisha sare. Celica za GT-Four zilishinda 1990, kisha 1992 mpaka 1995 mfululizo. Ila magari hayo yalifuatwa na mafundi na shehena ya spea. Mwalimu atafuatwa na wanafunzi.

MR2 ina injini nyuma ya viti na rejeta mbele kabisa, hivyo maji husafiri kwenda na kurudi kwa mabomba yanayopita chini ya tumbo, gari likiwa limeinama karibu na mawe. Mfumo wake humeza zaidi ya lita 10 na una sehemu kadhaa za kutolea hewa. Akiisahau moja, itachemka hata kwenye lami. Tangi nalo limelala katikati, kwenye mfereji ulio kati ya viti viwili, na kubadilisha pampu ni kazi ya siku nzima.

Shangazi hamkatazi. Barabara ya Mtwara kwenda Masasi kupitia Tandahimba na Newala inazidi kupata lami, na pikipiki ya akiba mwalimu anayo. Muuzaji ameshamtumia picha kumi na mbili za gari lililooshwa likang'aa. Amrudishie zote, aombe moja tu iliyopigwa kutoka uvunguni, taa ikimulika mabomba.