Usiku Kompyuta Ilipopiga Yowe

Maandazi yalikuwa yakipungua. Nayapika usiku, nayapanga kwenye hotipoti, nikiamka nakuta pengo. Kifungua mimba wangu, binti wa darasa la sita, akasema hawezi kumtuhumu mdogo wake bila ushahidi. Likizo hiyo wote wawili walikuwa wamezama kwenye Scratch, programu ya kutunga michezo kwa kuunganisha matofali ya rangi. Nilikuwa nimewawekea kwenye kompyuta kuukuu ya mjomba wao, maana katuni za simuni zilikuwa zikinimalizia bando na kuwaachia macho mekundu tu. Wakabadili lugha ikawa Kiswahili, na ugomvi wa kugombea simu ukaisha. Mlinzi wa maandazi lilikuwa wazo lao wenyewe.

Scratch inaweza kutumia kamera kupima mwendo: kitu kikisogea, inatoa namba, kuanzia 0 hadi 100. Wanangu wakaagiza kwamba namba ikizidi 10, ipigwe sauti waliyoirekodi wenyewe: "Mwizi! Mwizi!" Sauti hiyo wakaitia ndani ya tofali la kurudia bila kikomo. Kompyuta wakaielekeza kwenye kabati la jikoni, wakaiunganisha na sabufa, wakaenda kulala.

Alfajiri mama mkwe wangu akaamka kutia udhu, akawasha taa ya jikoni. Yowe likatoka kwenye sabufa, likarudia, likarudia tena. Mtaani kwetu Tanga neno hilo halitamkwi ovyo. Wapo waliopoteza maisha kwa sababu yake kabla hata haijajulikana kilichoibwa. Majirani wakatoka na marungu. Mjumbe wa nyumba kumi akaja na tochi. Mume wangu alisimama mlangoni akiwasihi watulie, mimi nahangaika na nyaya, na bibi yupo katikati ya jiko, hotipoti mkononi. Binti ndiye aliyepenya kati yetu akabofya alama nyekundu ya kusimamisha. Kimya.

"Mjukuu wangu," bibi akauliza, "mwizi ni mimi?"

Kumbe kila asubuhi alikuwa akiwagawia maandazi watoto wanaopita kwenda chuoni kusoma Kurani. Binti akamshika mkono, akamwomba radhi, kisha akasema, "Bibi, kompyuta haimjui mwizi. Inajua kitu kimesogea, basi."

Maneno hayo nayathamini kuliko alama yoyote aliyowahi kuniletea kutoka shuleni. Wako watu wazima wengi wanaoamini kila kinachotoka kwenye mashine. Mtoto aliyeitungia mashine maagizo kwa mkono wake anajua mipaka yake.

Kulipokucha wakakaa kuitengeneza. Waliliondoa tofali la kurudia, wakapandisha kipimo hadi 40, wakamtuma baba yao apite mbele ya kabati polepole, kisha haraka, kisha wakawasha feni waone kama pazia nalo lingeiamsha kamera. Lilipoiamsha, wakaigeuza kamera upande. Mdogo akapendekeza sauti mpya: "Shikamoo bibi." Asubuhi nzima walikuwa mbele ya skrini, na sikuona sababu ya kuwaondoa.

Seymour Papert, mzaliwa wa Pretoria aliyeshiriki kuunda Logo, lugha ya kompyuta ya watoto, mwaka 1967, alifundisha hivyo hivyo: programu ikikosea, mtoto hajafeli, amepata kitu cha kutafuta na kurekebisha. Mitchel Resnick aliyefuata nyayo zake, pamoja na wenzake wa MIT, waliitoa Scratch kwa umma mwaka 2007. Kwa wadogo zaidi msimamo wangu ni mwingine: Shirika la Afya Duniani lilishauri mwaka 2019 kwamba wa miaka miwili hadi minne wasizidishe saa moja ya skrini kwa siku, na mimi nalishika hilo. Ila kwa mtoto wa shule, saa pekee hazitoshi kunipa jibu. Nauliza ametengeneza nini.

Mzazi mwenzangu, programu hii haiuzwi, na ukishaipakua haihitaji bando. Tafuta kompyuta hata ya mkono wa pili, keti na mwanao, umuulize kila tofali linafanya kazi gani. Na akitaka kuunganisha sabufa, iwe mchana.