Kikao cha Dharura Nyuma ya Kochi

Lusewa, wilayani Namtumbo, ingawa wazee wa hapa ukiwauliza wanatoka wapi watakuambia Songea tu. Pesa za ufuta zimeingia. Kijana wa nyumba hii anaoa Jumamosi, wakwe wanakuja, na leo fundi ameizungushia sebule mkanda wa rangi ya mafuta ya kahawia, chini ya ukuta na kwenye fremu za milango. Magharibi akakunja virago. Nyuma ya kochi akidi imetimia: Ufa ni mwenyekiti, Mjusi ni katibu, Mchwa anawakilisha kamati ya chakula, Brashi ni mwalikwa, na Skatingi, yaani ule mkanda wenyewe, ni mjumbe mpya ambaye bado ananata.

MJUSI: Kikao kimefunguliwa. Ajenda ya kwanza ni kumkaribisha ndugu yetu Skatingi. Ndugu, kabla ya hotuba, niachie mkia.

SKATINGI: Samahani sana, Katibu. Fundi amesema nisiguswe mpaka kesho.

UFA: Karibu mwanangu. Umependeza kweli. Ukisimama mbele yangu hata mimi mwenyewe sijioni.

SKATINGI: Shikamoo, Mzee. Ila niliambiwa nimekuja kukuziba.

UFA: (anacheka, vumbi linamtoka) Marahaba. Kuniziba mimi? Machi 1995, pale Hoteli ya Kilimanjaro, Dar es Salaam, Mwalimu Nyerere aliketi na waandishi wa habari akaifananisha nchi na nyumba, akaueleza ukoo wetu: Muungano, rushwa, udini, ukabila. Watu wakapiga makofi. Kisha wakaenda kununua rangi.

MCHWA: Mimi naomba fundi apewe pongezi. Kule fremu ilikoachana na ukuta, pengo la kuingia kidole, mwingine angeleta masihara ya kuziba. Huyu alisokota bango la kampeni, akalishindilia kwa bisibisi, akapitisha waiti simenti juu yake kwa dole gumba. Wanangu wameanza na shavu la kushoto la mgombea. Kesho wanaingia kwenye kaulimbiu.

MJUSI: Inalika?

MCHWA: Laini sana. Haina hata mfupa.

SKATINGI: Mbona hakutumia silikoni?

BRASHI: Bomba lilikuwepo dukani. Baba mwenye nyumba akauliza bei, papo hapo akakumbuka ana msiba. Na hata angelinunua, lilikuwa la ile silikoni ya bafuni. Rangi haishiki juu yake, inajikusanya matonematone kama jasho la muongo. Ya fremu ni ile ya kupakika rangi, na hiyo hata muuza duka hajui kama ipo. Mimi nimezunguka nyumba nyingi, jamani. Kazi hii nayajua masharti yake. Rangi ya zamani inakwanguliwa, unapiga msasa, unapangusa vumbi kwa kitambaa chenye unyevu, unaziba kwa puti na kuiacha ikauke sawasawa, unarudi na msasa. Ndipo undakoti. Mkono wa kwanza unalala usiku, wa pili unafuata.

MJUSI: Na leo?

BRASHI: Leo alipangusa kwa kofia yake. Vumbi lililobaki nalo likapakwa rangi. Kateni kona ile muone: kuna mguu wa panzi umekaa vizuri kabisa, wa kahawia. Na nywele zangu tatu zimo humo, nazidai. Halafu thina! Kopo la lita nne lilikuwa limefika lita sita kabla ya chai ya saa nne.

SKATINGI: Kumbe ndiyo maana najisikia mwepesi.

UFA: Nilitaka kukuambia taratibu, mwanangu. Nyumba hii iliinuliwa bila nailoni wala karatasi ya lami juu ya msingi. Tofali la kuchoma ni mnywaji. Mvua zikianza, kuanzia Desemba mpaka kwenye Aprili, linanyonya maji ya ardhini na kuyapandisha ukutani, nayo maji yanabeba chumvi. Yakikauka, chumvi inabaki ndani ya plasta na kuisukuma mpaka iachie. Bibi aliyeishi hapa kabla ya hawa alikuwa anapaka udongo na majivu kila mwaka. Uzuri wa harusi haukuwemo, lakini ukuta ulipumua. Wewe ni wa mafuta, hupitishi kitu. Maji yakikuta umefunga mlango, yatapanda juu yako kutafuta dirisha.

SKATINGI: Kwa hiyo mimi ndiye ninayeharibu nyumba?

UFA: Huna kosa. Umepangiwa kituo cha kazi.

MCHWA: Msimtishe mtoto. Fremu ni mninga, kiini chake hakitafuniki, lakini seremala aliacha ganda jeupe upande wa ukutani, na huko ndiko tuliko. Wenye nyumba wa kwanza walipaka oili chafu, tukahama tukilia. Safari hii wamesema inanuka, wakwe watakunja pua. Nawaunga mkono wakwe. Waje kila mwaka.

MJUSI: Na wakiona?

BRASHI: Mama mkwe ataona. Ataangusha funguo makusudi ili ainame.

UFA: Akiinama atasema, “Mmejitahidi.” Neno hilo limenilea miaka mingi.

MJUSI: Basi natunga maazimio. La kwanza: kikao kinalaani vikali wote wanaotaka kuchimba msingi. La pili: fundi apewe kazi ya zahanati na ofisi ya kijiji. La tatu, Mama Mchwa?

MCHWA: Uchaguzi uwe wa kila mwaka. Karatasi hazitoshi.

MJUSI: Limepita. Mengineyo?

SKATINGI: Naomba kuuliza. Kuna mtu ananisukuma mgongoni, hapa chini ya dirisha. Kijipele kimeshaota.

UFA: Ni chumvi hiyo, ya masika yaliyopita. Sogea kidogo apite, ni mjumbe halali.

SKATINGI: Lakini harusi ni Jumamosi!

BRASHI: Tulia. Watasogeza kochi.