Ufukweni kwa Saa Sita

Abiria anayebadili ndege Dar es Salaam akiwa na saa sita mkononi hushauriwa akaogelee Mbezi Beach. Ushauri huu hutolewa na watu wanaopima jiji kwa rula. Uwanja wa Ndege wa Julius Nyerere uko Kipawa, Ilala. Mbezi Beach iko Kinondoni, kaskazini kwenye Barabara ya Bagamoyo, na hapo kati kuna jiji zima linalotaka kurudi nyumbani. Daraja la juu la Tazara, lililofunguliwa mwaka 2018, lilipunguza kero, kweli, ila foleni haikufa. Ilisogea mbele kidogo. Heri foleni yenyewe itangazwe kuwa kivutio, maana mgeni hununua humo kila kitu bila kushuka garini: maji baridi, korosho, chaja, ramani ya dunia, hata taulo atakalolihitaji ufukweni, akijaliwa.

Wapo watakaosema bodaboda hupenya. Hupenya, lakini begi la kilo 23 halipenyi. Wengine watasema aombe tu apelekwe Mbezi. Aombe kwa makini, kwani neno "Beach" likimezwa na upepo atajikuta Mbezi Luis, Barabara ya Morogoro, kwenye kituo cha mabasi cha Magufuli kilichozinduliwa mwaka 2021, akiulizwa kama anakwenda Mwanza au Mbeya. Na akifika Mbezi Beach yenyewe, atapokewa na kuta ndefu, mageti na walinzi. Bahari iko nyuma yao, na ndege imeshaanza kupakia.