Mtito Andei ya Angani

Kijana mmoja wa Mji wa Kale, Mombasa, ambaye sasa ni mkazi wa New Jersey, alipotua New York mara ya kwanza aliwapigia simu nyumbani kulalamika uchovu. Simu ilikuwa kwenye spika, barazani. Mjomba wake, utingo wa zamani wa mabasi ya Mombasa–Nairobi, tayari alikuwa ameshapiga hesabu.

"Mmetoka Nairobi saa tano na dakika 25 usiku. Mmefika saa kumi na mbili na dakika 25 asubuhi. Saa saba, mjomba! Basi letu likikwama kwenye mizani ya Mariakani huchukua zaidi. Uchovu gani huo?"

"Si saba, ni 15. Siku hizi za baridi New York iko nyuma yetu kwa saa nane."

"Nyuma? Si mlisema wameendelea?"

Baraza likavunjika mbavu.

Safari hiyo ya moja kwa moja ilianzishwa na Kenya Airways tarehe 28 Oktoba 2018, kwa ndege aina ya Dreamliner, na umbali wake ni kilomita 11,800 hivi. Kabla ya hapo abiria alibadili ndege London, Amsterdam au Dubai. Hizo ndizo zilizokuwa Mtito Andei za angani, mfano wa kile kituo cha mapumziko cha mabasi ya Mombasa–Nairobi: unashuka, unanyoosha miguu, unanunua chai kwa bei ya kukutoa machozi.

Lakini kilichomshinda kijana kueleza ni ule usiku. Ndege inayokwenda magharibi hulikimbia jua, na jua likawa halimfikii. Akala, akalala, jirani yake akakoroma mpaka akachoka mwenyewe. Akafungua kidirisha: giza. Akala tena, akafungua tena: giza lile lile. Akabaki anajiuliza alfajiri ya kuswalia ni ipi, ya Nairobi aliyoiacha au ya New York isiyotaka kuja.

Aliporudi likizo mambo yakaharibika zaidi. Aliondoka New York saa sita na dakika 25 mchana, akafika Nairobi kesho yake saa nne na dakika 55 asubuhi. Mjomba akahesabu vidole: saa 22 na nusu! "Kwenda saba, kurudi 22. Dereva alipotea?"

Wala hakupotea, alikaa angani saa 14 na ushee tu. Huko juu, kwenye kilomita kumi hivi, kuna mkondo wa upepo uvumao kutoka magharibi kwenda mashariki, ambao huweza kupita kilomita 200 kwa saa. Ukienda Marekani unakupiga kifuani. Ukirudi unakusukuma mgongoni. Upepo wa mgongoni mjomba aliuelewa mara moja. Amekulia pwani, anajua jahazi.

Kwa walio nyumbani, basi: mkimpigia saa mbili asubuhi, kwake ni saa sita usiku. Kuanzia Jumapili ya pili ya Machi, Wamarekani wakisogeza saa zao mbele, itakuwa saa saba usiku. Mpigieni saa tatu usiku, akiwa kwenye mapumziko ya chakula cha mchana.