Simu Mkononi, Probu Sakafuni

Fedheha ya kisasa kabisa ni hii: mhandisi kasimama mbele ya wageni, kainua simu, anawaonyesha wimbi linalotoka kwenye oskiloskopu, mashine ya kuchora mawimbi ya umeme, iliyoko chumba cha pili. Wimbi lenyewe ni zuri, linapanda na kushuka bila papara. "Mnaona saketi yetu inavyofanya kazi," anasema, na wageni wanapiga makofi. Kumbe probu, waya wake wa kupimia, ilishachomoka zamani, imelala sakafuni, na inachonasa ni umeme wa nyaya za ukutani: hertz 50, wimbi moja kila milisekunde 20. Makofi yote yale yamekwenda kwa shirika la umeme. Oskiloskopu haikudanganya, simu haikudanganya, na mtandao, kwa maajabu, haukukatika. Kila kifaa kimetimiza wajibu wake. Aliyeaibika ni binadamu peke yake.

Aibu hiyo haitokani na uzembe, bali na umbali. Aliye mezani angeiona probu chini. Kama haamini macho yake, angegusa ncha yake kwa kidole, wimbi likavimba ghafla kwa kuwa mwili wa mtu nao hunasa umeme wa nyumba, akajua hapa hakuna saketi, ni hewa tupu. Kusaka hitilafu ni kazi ya mikono miwili: mmoja unahamisha probu, mwingine unazungusha nobu, macho yanahukumu. Simu imejitwika kazi ya mkono mmoja tu, tena ule wenye kazi nyepesi. Ndiyo maana nashikilia kwamba kuiendesha oskiloskopu kwa simu ni ufundi mzuri unaonadiwa kwa sifa isiyo yake: unafaa kusubiri, kujikinga na kufundisha, lakini haufai kutafuta.

Tuutendee haki ufundi wenyewe, maana unavutia kweli. Tangu mwaka 1990 vifaa vya kupimia vimekuwa na lugha yao, SCPI, ambayo ni maandishi matupu. Ukiiandikia oskiloskopu *IDN? itakujibu kwa adabu: kampuni iliyoiunda, modeli, namba yake. Ukigusa kitufe kwenye simu, mara nyingi sentensi fupi ya namna hiyo ndiyo inayosafiri kwenye waifai. Oskiloskopu nyingi hazidai hata nenosiri, kwa hiyo yeyote aliye kwenye mtandao huohuo anaweza kukubadilishia kipimo, nawe ukalaumu kapasita. Halafu kuna triga, akili yote ya mashine hii: hungoja volti ivuke kiwango ulichoweka, ndipo ichore, na kwa kuwa kila mara huanzia mahali palepale, wimbi linalokimbia huonekana limesimama. Rigol DS1054Z hunasa hadi mawimbi 30,000 kwa sekunde. Simu hupokea picha chache tu. Na triga ikiwa kwenye hali ya kawaida, tukio lisipojirudia, picha ya mwisho hubaki kiooni. Mtandao ukikatika, vivyo hivyo. Picha iliyotulia basi ina maana tatu: wimbi ni thabiti, tukio halijarudi, au ruta imezimika. Alama ya kutofautisha mbili za kwanza ipo pembeni, nayo kwenye simu imebaki saizi ya sisimizi.

Watasema mitandao inazidi kuwa na kasi. Kasi haiusaidii mkono. Probu nyingi za kawaida zina swichi ndogo ya plastiki, 1X na 10X. Ikiwa upande mmoja na kioo kikaamini upande mwingine, kipimo kinakosea mara kumi, na hakuna mtandao duniani unaosogeza kile kiplastiki. Skrubu ya kurekebisha probu, hali ni hiyohiyo.

Watasema tena: na usalama je? Hapo nakubali bila kinyongo. Kwenye volti kubwa, unganisha probu umeme ukiwa umezimwa, ondoka, kisha washa na utazame ukiwa mbali. Hitilafu inayokuja usiku wa manane nayo itegewe triga ya mara moja, mtu akalale. Na kufundisha: mradi wa iLab wa chuo cha MIT cha Marekani ulishirikiana na Makerere na Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ili wanafunzi wafanye majaribio kupitia intaneti. Lakini siri ya maabara za namna hiyo ni kwamba kuna mtu aliyekwisha kuunganisha nyaya. Umbali unawezekana kwa sababu kazi ya karibu imemalizika.

Kinachokera si simu, ni mpangilio wa matumizi: simu inalipiwa kwanza, usalama wa mezani unasahaulika. Klipu ya athi ya oskiloskopu ya kawaida imeungana moja kwa moja na athi ya ukutani. Ukiibana kwenye waya wa moto wa volti 230, cheche zitakuja kabla ya somo. Dawa yake ni probu ya tofauti (differential probe), ambayo ni ghali na kwa kawaida haiji ndani ya boksi. Fundi anasifiwa waifai, analipia waifai, anaondoka na klipu ileile. Basi muuzaji akianza kukuonyesha simu, muulize kwanza bei ya probu hiyo. Kama hanayo dukani, hata oskiloskopu yenyewe ingoje.